Silika, Akili na Maadili: Kwa Nini Hasira Huwahi Kufika

Mtu mmoja akipiga kelele ya "Mwizi!" katika mtaa wowote wenye pilikapilika, hakuna anayesubiri kuambiwa la kufanya. Muuza mitumba anaiacha meza yake, dereva wa bodaboda anazima pikipiki, mwanafunzi anaokota jiwe, na baada ya dakika chache kijana ambaye hakuna aliyemuuliza jina yuko chini, amezungukwa, na kuna mtu ameshatumwa tairi na petroli. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Ukatili wa aina hiyo umelaaniwa mara nyingi na sina la kuongeza katika kuulaani. Linalonishughulisha ni watendaji wake. Wengi wao ni watu wa kawaida kabisa, ambao jioni hiyohiyo watawasaidia watoto wao kazi za shule, watakwenda kuswali isha au kuhudhuria jumuiya ndogondogo, na ukiwauliza juu ya yale ya mchana watakujibu bila kusita kwamba walitenda haki. Wala hawasemi uongo. Walivyohisi pale mtaani ndivyo mtu anavyohisi anapotetea haki: moyo kwenda mbio, uchungu kwa niaba ya aliyeibiwa, na uhakika usio na chembe ya shaka.

Hapo ndipo penye ugumu wa mada ya silika, akili na maadili. Kama silika ingekuwa inatuita kwenye maovu tu na akili inatuita kwenye mema tu, kuishi vizuri kungekuwa kugumu kwa kutenda lakini rahisi kwa kuelewa. Mafundisho mengi ya zamani yalikaribia kusema hivyo. Plato, huko Athens, alimchora mwanadamu kama gari linalovutwa na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, akili ikiwa ndiyo iliyoshika hatamu. Katika madrasa za pwani yetu mtoto husikia habari za nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia, na ni rahisi kwake kuondoka akidhani kwamba ameelezwa vita ambavyo lazima upande mmoja uangamie. Lakini hata ndani ya mapokeo hayo, wenye kuchimba walikwisha kuona kwamba mambo hayaendi hivyo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikataa wazo la kung'oa hasira na matamanio moyoni. Alieleza kwamba mtu asiye na hasira kabisa hawezi hata kujilinda, na kwamba kinachotakiwa ni kuvitiisha kwa mazoezi mpaka vifuate amri. Hilo la mazoezi nitalirudia, kwa sababu nadhani jibu liko upande huo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Silika ni msukumo ambao kiumbe huzaliwa nao bila kufundishwa. Kichanga hutafuta titi. Mtu mzima huruka nyuma akiona kitu kirefu kimejikunja njiani, na ni baada ya kuruka ndipo anapogundua kwamba ni kamba. Kwa wadudu silika hubeba kitendo kizima, mwanzo hadi mwisho. Kwa binadamu hubeba mwanzo wake tu: hofu, hasira, kinyaa, huruma, wivu, mapenzi kwa mtoto, hamu ya kukubaliwa na wenzake. Akili ni uwezo wa kupima yasiyokuwapo mbele ya macho, yaani matokeo ya kesho, upande wa mtu ambaye hayupo kujitetea, na kanuni inayomhusu kila mtu badala ya mimi peke yangu. Maadili ni yale ambayo jamii na dhamiri humdai mtu hata pale ambapo hayamletei faida.

Mwaka 1891 mwanazuoni wa Kifini, Edvard Westermarck, alipendekeza kwamba watoto waliolelewa pamoja tangu udogo hukosa hamu ya kimapenzi baina yao, wawe ndugu wa damu au wasiwe. Miongo kadhaa baadaye zilichunguzwa ndoa karibu 3,000 za vijana waliokulia katika vijiji vya kijamaa vya Israeli, ambako watoto wa rika moja walilala na kulelewa mahali pamoja, ikaonekana kwamba waliokua hivyo tangu utotoni karibu hawaoani kabisa, ingawa hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Hiyo ni silika. Sasa tazama jinsi miiko ya ndoa ilivyokwenda mbali kuliko silika hiyo. Sharia ya Kiislamu humkataza mtu kumwoa ndugu yake wa kunyonya, hata kama wameonana kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima. Makabila mengi ya Afrika Mashariki humkataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake, hata kama binti mwenyewe ametoka wilaya ya mbali na hawajawahi kukutana. Hakuna kinyaa cha kuzaliwa kinachoweza kumtambua ndugu wa kunyonya. Anayemtambua ni bibi anayekumbuka nani alimnyonyesha nani, na kinachomzuia kijana ni kanuni ambayo lazima kwanza aielewe ndipo aifuate. Silika ilianza, akili ikaendelea mpaka mahali ambapo silika isingefika kamwe.

Anayetaka kuona silika ikiwa peke yake, bila kanuni juu yake, hana haja ya kwenda mbali. Huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, na kwa miaka ya mwanzo aliamini kwamba ni viumbe wapole kuliko sisi. Kisha kundi moja likagawanyika. Waliobaki kaskazini waliitwa na watafiti kundi la Kasakela, na waliojitenga kusini kundi la Kahama. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa Kasakela walivuka mpaka kwa kikundi, kimyakimya, wakamvizia dume mmojammoja wa Kahama aliyekuwa peke yake, wakamshika, wakampiga na kumng'ata, kisha wakamwacha afe kwa majeraha. Waliouawa hawakuwa wageni kwao. Walikuwa wamekula mti mmoja na kuchambuana manyoya kwa miaka. Mwisho wa yote hakubaki dume hata mmoja wa Kahama.

Katika msitu huohuo, mwaka 1987, ugonjwa wa mapafu uliwaua sokwe kadhaa, na mtoto wa miaka mitatu aliyepewa jina la Mel akabaki yatima asiye na kaka wala dada wa kumwangalia. Watafiti waliamini hataishi. Dume kijana aliyeitwa Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake, akamchukua. Alimbeba, aligawana naye chakula anapoombwa, alimkaribisha usiku kwenye tundu lake la matawi, na alikimbia kumwondoa mbele ya madume wakubwa walipopandwa na mori, jambo lililomgharimu yeye mwenyewe kipigo. Mel akapona.

Wauaji wa Kahama na mlezi wa Mel walikuwa na maumbile ya aina moja, na hakuna aliyefundishwa na mwalimu wala kitabu. Kwa hiyo anayetuambia tufuate maumbile yetu hajatuambia kitu bado, na anayetuambia tuyapige vita yuko palepale na mwenzake. Yote mawili yamo ndani yetu, mkono wa kumshika jirani na mkono wa kumbeba yatima, na kwa kiasi kikubwa swali la maadili ni lini mkono upi utanyooshwa, na kwa nani.

Charles Darwin aliliona hilo mapema. Mwaka 1871 aliandika kwamba mnyama yeyote mwenye silika za kijamii zilizokolea, ikiwamo ile ya mzazi na mtoto, bila shaka angepata dhamiri mara tu akili yake ingekua kufikia ya binadamu au kuikaribia. Maelezo yake yanastahili kurudiwa kwa sababu yanagusa suala la wakati. Njaa, hasira na tamaa huja kwa nguvu na kupita. Ukishashiba, hata kuikumbuka njaa ya jana ni shida. Hamu ya kuishi na wenzetu na kuthaminiwa nao haipiti. Kiumbe asiye na kumbukumbu hatendi kosa kwa maana kamili, kwa sababu kila saa kwake ni mpya. Mwenye kumbukumbu hulinganisha kitendo cha jana na nafsi yake ya leo, na hulazimika kujiuliza kwa nini alikubali kilichopita kishinde kinachodumu. Waswahili tumesema majuto ni mjukuu; Darwin alieleza kwa nini mjukuu huyo lazima azaliwe.

Niseme kidogo juu ya watoto wachanga, maana siku hizi wametajwa sana katika mjadala huu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba watoto wa miezi 6 na miezi 10, wakionyeshwa kibao chenye macho kikijitahidi kupanda mlima, kingine kikikisaidia na kingine kikikisukuma chini, wengi wao walinyoosha mkono kukichukua kile kilichosaidia. Watu wengi wakahitimisha kwamba binadamu huzaliwa na maadili. Jaribio hilo liliporudiwa na maabara nyingi kwa pamoja, likihusisha watoto zaidi ya 500, matokeo yaliyotoka mwaka 2024 hayakuonyesha upendeleo huo hata kidogo. Anayejenga hoja yake juu ya vibao vile ajue amejenga kwenye mchanga.

Wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18 waligawanyika vikali juu ya nani kati ya hisia na akili ana kauli ya mwisho. David Hume, Mskoti, alidai kwamba akili ni mtumwa wa hisia na haitakiwi kuwa kitu kingine. Hoja yake si ya kubeza. Akili itakuambia kwamba mtoto ametumbukia kisimani, kwamba kisima kina kina gani na kwamba kamba iliyopo inafika; haitakuambia kwamba ujali. Immanuel Kant, mzaliwa wa Königsberg, alijibu mwaka 1785 kwamba kitendo kinachotoka kwenye hisia, hata kiwe kizuri namna gani, hakina thamani ya kimaadili kwa sababu hisia ni bahati. Alimtolea mfano muuza duka asiyempunja mtoto aliyetumwa: kama hampunji kwa kuogopa kupoteza wateja, hilo ni biashara. Akamtolea mfano pia mtu mwenye huruma ambaye majonzi yake mwenyewe yameizima huruma hiyo, na ambaye bado anainuka kumsaidia mwenye shida kwa sababu tu ni wajibu. Huyo, alisema Kant, ndiye ametenda kwa maadili.

Vizazi vya wanafunzi vimeambiwa vichague kati ya hao wawili. Mimi naona kila mmoja alikuwa sahihi juu ya saa tofauti. Hume anaeleza vizuri linalotokea wakati wa tukio lenyewe, pale kelele inapopigwa na miguu inapoanza kukimbia kabla ya wazo. Kant anaeleza kile ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa ametulia, kabla au baada, anapojiuliza kama angekubali kila mtu atende alivyotenda yeye. Kosa ni kumtaka Kant afike kwenye tukio haraka kama anavyofika Hume.

Kisa maarufu cha kiberenge kinaonyesha pengo hilo. Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, alisimulia juu ya dereva wa behewa lisiloweza kusimama, linalokwenda kuwagonga watu watano, lakini linaweza kuelekezwa kwenye njia nyingine yenye mtu mmoja. Wengi wanaoulizwa husema lielekezwe. Baadaye Judith Jarvis Thomson akaongeza sura nyingine: umesimama darajani, na njia pekee ya kulisimamisha ni kumsukuma mtu mnene aliye kando yako aanguke relini. Hesabu ni ileile, mmoja kwa watano, lakini wengi hukataa. Mwaka 2001 Joshua Greene na wenzake walipopiga picha za ubongo wa watu wakijibu maswali kama hayo, walikuta kwamba kisa cha kusukuma kwa mikono huamsha zaidi sehemu zinazohusika na hisia. Mwaka 2007 utafiti mwingine uliwahusu wagonjwa sita walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya chini karibu na macho. Hao walikuwa wepesi zaidi kukubali mtu asukumwe.

Akili za wagonjwa hao katika kuhesabu hazikuwa na kasoro, kilichopungua ni ule mshtuko. Kwa hiyo wapo wanaosema mshtuko huo ndio kinga ya ubinadamu, na kwamba mtu asiyeuhisi hafai kuaminiwa, na nadhani wana haki kwa sehemu kubwa. Lakini mshtuko wenyewe hupima vibaya. Unapima ukaribu wa mikono yangu na mwili wa yule mtu, haupimi madhara. Mwanajeshi anayebonyeza kitufe akiwa maelfu ya futi juu ya mji hausikii, ingawa anaua mamia, na mtu anayesaini hati ya kununua dawa zilizokwisha muda hausikii kabisa. Silika hiyo iliundwa zama ambazo mtu aliweza kumuua tu yule aliyeweza kumgusa.

Turudi kwa hasira, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mwaka 2002 Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi huko Zurich. Kila mshiriki alipewa pesa na nafasi ya kuchangia mfuko wa kundi. Mfuko uliongezwa na kugawanywa sawasawa, kwa hiyo asiyechangia alikula jasho la wenzake. Washiriki waliporuhusiwa kumkata pesa mdoeaji kwa gharama ya mifuko yao wenyewe, wengi walifanya hivyo, ingawa walijua hawatakutana naye tena na hawatalipwa kwa hilo. Walikiri kwamba walimkasirikia. Michango ikapanda. Palipokosekana adhabu, michango ilishuka raundi baada ya raundi. Hasira ile, kwa maneno mengine, ilikuwa mlinzi wa mali ya wote, na ndiyo hasira ileile inayomfanya muuza mitumba aiache meza yake kumkimbilia mtu ambaye yeye binafsi hakumwibia kitu.

Jaribio hilo lilirudiwa katika miji 16 na matokeo yakatoka mwaka 2008. Mahali kama Boston na Copenhagen waliokatwa pesa walikuwa wadoeaji. Katika miji mingine, Muscat na Athens zikiwa mbele, watu wengi waliwakata hata waliochangia zaidi yao, kwa kisasi au kwa kuchukizwa na anayejifanya mwema, na michango haikupanda. Watafiti waliliona tatizo hilo kuwa kubwa zaidi mahali ambapo imani ya watu kwa utawala wa sheria ni dhaifu. Silika ya kuadhibu ilikuwapo kila mahali. Kilichotofautiana ni mazoea ambayo jamii ilikuwa imeizungushia. Jambo kama hilo lilijitokeza kwa Waorma wa Kenya, ambako Jean Ensminger alikwenda na mchezo wa aina hiyo wa kuchangia mfuko. Washiriki waliutazama, wakasema huu ni mchezo wa harambee, na kwa wastani wakatoa zaidi ya nusu ya walichopewa. Hawakuhitaji kupiga hesabu papo hapo, na sidhani kama ni silika tupu iliyowaongoza. Shule na barabara walizozichangia miaka iliyopita zilikuwa zimeshawajibia.

Msomaji anaweza kudhani sasa kwamba akili, ikipewa nafasi, itatuokoa. Hapana, si yenyewe tu. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt alieleza mwaka 2001 kwamba mara nyingi hukumu ya maadili hutoka kwanza kwa hisia, na akili hufuata nyuma kama wakili aliyelipwa kuitetea. Mtu akisimuliwa kisa kinachomchukiza, atasema ni kibaya kwa sababu ya madhara. Akionyeshwa kwamba madhara hayapo, hutafuta sababu nyingine, na zikimwishia zote hubaki na msimamo uleule akisema tu kwamba anajua ni kibaya. Tena wakili huyo hukubali kesi yoyote. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali, Rwanda, mwaka 1993, ikipiga muziki mzuri na kutania, na katikati ya utani ikawaita Watutsi mende. Kinyaa ni silika inayotukinga na uchafu na maradhi. Hapo kiligeuzwa na watu waliofahamu wanachofanya, kikaelekezwa kwa majirani. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari Desemba 2003, na ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, wote watatu walibaki na hatia. Mmoja alikuwa profesa wa historia, mwingine mwanasheria, mwingine mhariri wa gazeti. Hao si watu walioshindwa na silika zao. Akili nyingi huondoa maarifa, na huko iliondoa zaidi ya hayo.

Kwa hiyo tukiwa na silika isiyojua mipaka na akili isiyochagua bwana, maadili yanasimama juu ya nini? Jibu langu ni kwamba akili inayofaa katika maadili ni ile iliyofanya kazi mapema, watu wakiwa wametulia na bila kujua kesho nani atakuwa mshitaki na nani mshitakiwa, kisha ikahifadhiwa mahali ambapo hasira itaikuta njiani. Mahali hapo ni sheria, mila na tabia.

Sheria zetu zenyewe zimejengwa juu ya utambuzi huo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 201 na 202, na ile ya Kenya katika vifungu vya 207 na 208, husema kwamba aliyeua katika joto la hasira iliyosababishwa na kughadhibishwa ghafla, kabla hajapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia badala ya hatia ya mauaji. Sheria haisemi kwamba alitenda vema. Inasema kwamba kuna dakika chache ambazo hatuwezi kumdai binadamu akili yake yote, na kwamba dakika hizo zikishapita tunamdai. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda ya mtu aliyemuua mganga aliyekuwa akimtisha, iliweka mpaka mwingine: kuamini tu kwamba fulani ni mchawi hakupunguzi kosa, lazima kuwe na kitendo cha uchokozi na lazima mauaji yafanyike kwa hasira, na hofu peke yake haitoshi. Baadhi ya watu huona ubaguzi huo kati ya hasira na hofu ni wa ajabu, kwa kuwa zote ni silika. Ukiyatazama mauaji ya vikongwe wa Usukumani, walioitwa wachawi kwa macho kuwa mekundu baada ya miaka ya kupika kwa moshi wa kuni na samadi, utaona sababu yake. Hofu ya aina hiyo huja taratibu, hupitia kwa mpiga ramli, hukaa vikao, hukusanya pesa na kukodi muuaji. Imekuwa na muda wote wa kupoa na haikupoa, kwa sababu kila hatua ilipewa sababu.

Upande wa tabia, Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kufanya kazi, na wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mazoezi aliyoyataja al-Ghazali ni hayohayo. Mtoto anayelazimishwa kumwachia mdogo wake kipande kikubwa analia leo. Baada ya miaka kadhaa anaachia bila kufikiri, na hapo akili ya mama imekuwa silika ya pili ya mtoto.

Mfano ninaouona bora kuliko yote katika eneo letu ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, kila upande ukapoteza watu wengi na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo hao ni watani. Mngoni anaweza kumwita Mhehe mla mbwa mbele ya wakwe zake, na Mhehe atatafuta la kumrudishia badala ya panga. Msibani utani unafanya kazi nzito zaidi: watani huiga kilio cha wafiwa, humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na mmoja hushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Mfiwa aliyekuwa amekauka kwa uchungu anacheka bila kupenda. Anayemtazama mtani kaburini bila kujua chochote ataona mtu asiye na adabu. Kumbe uchungu, chuki ya zamani na hamu ya kulipiza vyote vimepewa njia ya kupita, na kanuni inayomkataza mtani kukasirika inajulikana na kila mtu kabla tusi halijatamkwa. Hakuna mwanafalsafa aliyeuandika mpango huo, na sioni aliyeandika ulio bora zaidi.

Hata hivyo mila peke yake haijikosoi, na hapo ndipo akili inaporudi kudai nafasi yake. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na mila zilizokomaa, watu wa dini na nyumba zenye upendo. Wanawake watumwa walioitwa masuria waliishi ndani ya nyumba hizo, walizaa na mabwana zao, na watoto wao walizaliwa huru na kurithi sawa na wengine. Sultani Barghash, aliyetia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa huku manowari za Uingereza zikimtisha, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa suria. Silika za huruma na mapenzi hazikupungua katika nyumba hizo. Mtu alimpenda mama yake, na bado hakulazimika kuuliza kama ilikuwa halali mama huyo kununuliwa. Huruma ilimwona mama. Ili kuona ununuzi ilibidi mtu aondoke kwenye sura ya yule anayempenda na afikirie kanuni: kama huyu asingestahili kuuzwa, kwa nini mwingine astahili?

Fikra hiyo ilikuja polepole, ikichanganyika na biashara na maslahi ya dola, na kila hatua ilikuwa na mawakili wake wa kuipinga. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisiwani iliwaacha masuria nje. Iliwahesabu kuwa ni watu wa nyumbani kama wake, na suria aliweza kudai aachiliwe kwa sababu ya ukatili tu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya huruma, kwamba kuwaachilia kungevunja familia na kuwatenganisha na watoto wao. Masuria walisubiri miaka 12 mingine, hadi mwaka 1909, ndipo na wao wakapata haki ya kuondoka bila kuulizwa kama walipigwa.